Glasi Ambayo Haikuonjwa

Jumapili ile kule Gikondo watu wote walicheka, na mpaka leo Mama Kaze akikumbuka hufunika uso kwa kanga. Lakini wangefanya nini? Mtu mzima amesimama katikati ya sebule ya wenyewe, futi ya kupimia mkononi, anampima suti mchumba wa binti yake, na badala ya kutaja sentimita anataja samaki. Hata wewe ungecheka.

Huyo mtu mzima alikuwa Munyaneza, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, Kigali, na suti ilikuwa sharti lake. Mambo mengine yote ya ndoa ya binti yake Kaze aliwaachia wanawake na mashehe, ila hili moja alilishikilia: bwana harusi atavaa suti aliyoishona yeye. "Mtoto wangu hataolewa na mtu aliyevaa mtumba," alisema, na ubishi ukaishia hapo. Kwa hiyo mwezi wa Mei mwaka 1991, wiki chache baada ya Idi, alikwenda Gikondo na mkewe, Mama Kaze, na Kaze mwenyewe wa kushika daftari la vipimo, na jirani yao Kabera, mchoma brosheti, yaani mishikaki. Kabera hakualikwa, lakini ni shughuli gani ya Biryogo iliyowahi kufanyika bila Kabera?

Mwenye nyumba, Bi Zuhura, mama yake Gasana, huyo mchumba, alikuwa mjane wa Ujiji. Alikuja Kigali miaka miwili nyuma kumfuata mwanawe, fundi wa injini katika gereji moja ya hapo hapo Gikondo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba Kabera alipomsikia mara ya kwanza alidhani redio imewashwa. Siku hiyo alifanya kila kitu vizuri. Alipiga deki tangu alfajiri, akatandika vitambaa kwenye viti, akaleta sinia la juisi ya matunda ya marakuja, akampa Fundi glasi ya kwanza kwa mikono miwili, akatabasamu, akakaa.

Hakuionja.

Kwetu Rwanda mtu akikupa kinywaji hukionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ni adabu tu, wala hakuna anayeifikiria sana, lakini ikikosekana kila jicho linaona. Mama Kaze aliona, akajidai anatengeneza ushungi. Kabera aliona, akakohoa. Fundi mwenyewe alikuwa na kiu ya kupanda na kushuka vilima, akapiga nusu glasi kwa mkupuo mmoja, akasema "Alhamdulillahi," akasimama kufanya kazi iliyomleta.

"Bega, arobaini na sita. Kifua, mia moja na mbili. Umekula vizuri, kijana."

Kaze akaandika. Gasana akasimama wima kama askari, jasho likimtoka, maana kupimwa na baba mkwe si mchezo.

"Mkono," Fundi akasema. Akanyamaza. "Mkono... samaki."

"Samaki wangapi, Baba?" Kaze akauliza huku kalamu iko juu.

"Samaki... kesho... sitini."

Kabera akapiga paja lake, akacheka mpaka akakohoa. Mama Kaze naye akacheka, na Gasana akaona sasa ameruhusiwa, akacheka. Futi ikamponyoka Fundi ikaanguka kwenye mkeka. Akainama kuiokota kwa mkono wa kulia, mkono ukapapasa mkeka, ukapita juu ya futi, ukarudi, ukapita tena. Alipoinua uso, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka na mate yanachuruzika.

Bi Zuhura peke yake ndiye hakuwa amecheka hata kidogo. Alikwisha kusimama kabla futi haijafika chini. Akamshika Fundi mabega, akamkalisha kwenye kiti.

"Fundi, nitazame. Nichekee. Cheka, nione meno."

Upande wa kushoto ukacheka. Wa kulia ulibaki pale pale.

"Inua mikono yote miwili. Hivi, kama unaomba dua."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika nusu ya njia, ukalegea, ukaanguka mapajani.

"Kiharusi," akasema Bi Zuhura. "Gasana! Lete lile gari la gereji, hospitali, sasa hivi, mbio!"

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kosa letu sisi wenyewe. Kabera aliacha kucheka, akaitazama ile glasi nusu mezani, akamtazama Bi Zuhura.

"Amejuaje?" akauliza. "Hata dakika moja haijapita, huyu mama amejuaje jina ya ugonjwa? Mama Kaze, hukuona? Hakuonja! Mimi niliona na macho yangu mbili!"

"Yewe, Mungu wangu," Mama Kaze akasema. "Sumu."

"Maziwa!" Kabera akapiga kelele. "Nani iko na maziwa hapa?"

Maziwa yakapatikana kwa jirani kabla gari halijapatikana, maana kwetu mtu aliyelishwa sumu hupewa maziwa na hakuna anayeuliza kwa nini. Mama Kaze akamshika mumewe kidevu, akammiminia. Maziwa yakaingia, yakatoka pembeni ya mdomo, Fundi akapaliwa, akakohoa, macho yakamtoka. Bi Zuhura akampokonya Mama Kaze kikombe.

"Msimpe kitu mdomoni! Koo lake limelala, mtamzamisha!"

Lahaula! Ndio kabisa akajimaliza. Mwanamke hakuonja juisi, akaujua ugonjwa kabla ya mgonjwa mwenyewe, na sasa anakataza dawa. Kabera alihesabu makosa hayo kwenye vidole, kwa sauti, mbele ya majirani waliojaa mlangoni. Gasana aliporudi na Peugeot ya mteja iliyokuwa bado haijapata mlango wa nyuma, Kabera akaweka mikono kiunoni. "Tupande gari yenu? Mtatupeleka wapi tena, kaburini?" Wakamwinua Fundi wao wenyewe, huku na huku, wakatoka naye barabarani kutafuta taksi. Kaze alitembea nyuma akilia, daftari bado liko mkononi. Bi Zuhura alibaki mlangoni na kikombe cha maziwa, sinia la juisi limejaa nzi, na majirani wanamtazama.

Ilipita kama nusu saa. Walipofika kwenye kizuizi cha barabarani, askari alichungulia ndani ya taksi akaomba vitambulisho. Zama zile za vita vya kaskazini hukuweza kutoka nje bila karatasi. Mama Kaze akaanza kueleza kwamba mzee hawezi kusema.

"Kitambulisho changu," Fundi akasema kwa sauti safi kabisa, "kiko mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Mfuko niliushona mwenyewe." Akaingiza mkono wa kulia, ule ule, akakitoa.

Taksi nzima ikapiga vigelegele. Askari hakuelewa kitu, akawarudishia vitambulisho upesi upesi na kuwapungia wapite.

"Maziwa," Kabera akasema, akijifuta jasho. "Niliwaambia."

Hospitali ikasahaulika papo hapo. Walikwenda zao nyumbani.

 

Kabla ya magharibi Biryogo nzima ilikuwa na habari, na kila aliyeisimulia aliongeza chake. Fundi mwenyewe, kuonyesha kwamba mkono ni ule ule, alikata suruali mbili mbele ya watu bila kuchora chaki. Watu wakashangilia. Ndoa ya Kaze ilivunjwa kwenye kibaraza, kwa sentensi moja, kati ya suruali ya kwanza na ya pili.

"Baba, lakini hakuna aliyethibitisha—"

"Mimi nilipinda mdomo, Kaze. Unataka uthibitisho gani?"

Fundi alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, ila hofu hakuitaja. Kichwa kilikuwa kikimgonga kisogoni tangu mwaka juzi; yeye alisema ni kwa sababu ya kutunga uzi kwenye sindano. Jioni Kabera alimletea vijiti sita vya brosheti ya mbuzi kama kila siku, pamoja na karatasi iliyokunjwa yenye chumvi, maana Fundi hakuwahi kula kitu bila kukinyunyizia chumvi kwanza, hata kabla hajaonja. Hata parachichi. Hata uji, wallahi.

"Kula, urudishe nguvu," Kabera akasema kwa mapenzi. Na yalikuwa mapenzi ya kweli; wale wawili walikuwa marafiki wa miaka ishirini. Fundi akafungua ile karatasi, akamwaga chumvi yote.

 

Jumatano Kaze aliaga kwamba anakwenda kununua uzi, akashuka mpaka Gikondo. Bi Zuhura alikuwa anachambua maharage. Hakuinuka, hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Umekuja kuangalia kama nina chupa za sumu? Tafuta. Chini ya kitanda kuna masanduku."

"Nimekuja kuuliza, Mama. Kwa nini hukuonja?"

"Kuonja nini?"

"Juisi. Ya Baba."

Bi Zuhura akaacha maharage. "Mimi nionje kinywaji cha mgeni? Nimwekee mate yangu, halafu nimpe? Ujiji ukifanya hivyo watasema huyu mama ana njaa, na mchafu juu yake!"

"Kwetu usipofanya, watasema una sumu."

Bi Zuhura akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na Kaze akajikuta anacheka pia huku machozi yanamtoka. Miaka miwili mwanamke ameishi Kigali, amekaribisha wageni wangapi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia.

"Kaa hapa," Bi Zuhura akasema, na sauti yake ilibadilika. "Unataka kujua nilijuaje? Baba yake Gasana, Mungu amrehemu, Jumamosi moja alishindwa kufunga kifungo cha shati. Mdomo ukapinda kidogo, maneno yakachanganyika. Tukacheka, kama nyinyi. Baada ya saa moja amepona, anatembea, anatania. Nikashukuru Mungu, nikampikia. Alhamisi yake alianguka anatawadha, na hakusema neno tena mpaka tukamzika. Daktari wa Kigoma aliniambia, mama, ile ya Jumamosi ilikuwa hodi. Mngekuja siku ile, tungeshusha presha yake." Akamshika Kaze mkono. "Mimi ndoa yenu siililii sasa. Baba yako amepigiwa hodi, mwanangu. Mpeleke. Hata akinichukia, mpeleke."

"Hataki hata kusikia. Anasema maziwa yamemponya."

"Anataka nini, baba yako? Kitu gani anakitaka sana?"

Kaze akafikiri. "Anataka kukushtaki kwa shehe."

"Sasa si ndiyo hiyo?" Bi Zuhura akasema. "Shehe atataka ushahidi. Nani anatoa karatasi ya ushahidi wa sumu?"

Kaze alirudi Biryogo karibu anakimbia. Uzi alisahau kununua.

 

Karatasi yenye muhuri! Fundi alilipenda wazo hilo tangu lilipotoka mdomoni mwa bintiye. Atakwenda hospitali kubwa ya mjini, daktari ataandika "sumu", atagonga muhuri, na Bi Zuhura atasomewa karatasi mbele ya shehe. Ijumaa asubuhi alivaa suti yake ya kahawia, akamchukua Kabera awe shahidi, na Kabera akachukua chupa ya maziwa ndani ya mfuko, ya tahadhari tu. Kaze akafuata nyuma, kimya kama maji ya mtungi.

Benchi lilikuwa refu. Walikaa tangu saa mbili. Walipitiwa na akina mama wenye watoto, wakapitiwa na mtu aliyekatwa na panga la kufyekea, wakapitiwa na mwingine ambaye, kwa maoni ya Fundi, hakuwa anaumwa kitu. Saa tano muuguzi mmoja, Nyirarukundo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza gwaride, akamwita, akamvua koti, akamfunga mkono kwa kitambaa cha kipimo. Fundi akakigeuza geuza kile kitambaa.

"Mshono huu nani kashona? Unaachia hapa."

"Mzee, usiseme." Muuguzi akakijaza upepo, akasikiliza, akaachia, akakunja uso. Akakijaza tena. "Ishirini na moja kwa kumi na mbili."

"Ya sumu?" Fundi akauliza kwa matumaini.

"Ya tansiyo. Msukumo wa damu, mzee, presha, na kawaida ni kumi na mbili kwa nane. Kaa hapo hapo, usitoke, namwita daktari."

Fundi akamgeukia Kabera kumwambia kwamba wauguzi wa siku hizi hawajui kazi. Akafungua mdomo. "Kabera," akasema, "huyu... huyu... kitufe..." Koti likamponyoka mkono wa kulia. Mdomo ukashuka, upande ule ule.

"Baba!" Kaze akapiga kelele. "Muganga! Muganga!"

Kabera hakupoteza muda. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa na mkono wake mwingine uko nyuma ya kichwa cha Fundi, alipopigwa kibao cha mkono kilichorusha maziwa mpaka ukutani.

"Usimpe kitu mdomoni!" Nyirarukundo akaunguruma. "Koo lake limelala! Unataka kumzamisha?"

Kabera akabaki amesimama, maziwa yanamtiririka kwenye kiwiko. Maneno yale aliyajua. Aliyasikia Jumapili, sebuleni, kwa sauti nyingine, na yeye ndiye aliyeyahesabu kwenye kidole cha tatu. Akaangalia wakimlaza rafiki yake kwa ubavu, daktari akimwambia acheke, akimwambia ainue mikono yote miwili hivi, kama anayeomba dua. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia haukufika popote.

"Yote sawasawa," Kabera akanong'ona. "Kaze, yule mama alifanya yote sawasawa."

Walimsukuma Fundi ndani, na mlango ukafungwa. Kaze akakaa chini kwenye sakafu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, na hakujificha, alilia kwa sauti.

Baada ya muda Nyirarukundo alitoka. Akawaeleza polepole: presha ilipanda miaka mingi bila kuonekana, mshipa wa damu kichwani ukaziba, ubongo ukakosa damu. Mara ya kwanza mshipa ulizibuka wenyewe. Maziwa hayakufanya kitu. "Mna bahati imetokea hapa kwenye benchi. Ingetokea nyumbani mngesubiri aamke vizuri kesho, si ndiyo? Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakichanganyika, msisubiri. Hata ikipita, mnakuja. Anakula nini huyu mzee?"

Kaze akamtazama Kabera. Kabera akaangalia dari.

"Brosheti," akasema mwishowe. "Na chumvi kidogo."

"Kidogo?" Kaze akauliza.

"Chumvi... nyingi."

"Na wewe?" Nyirarukundo akasema, akikunjua kile kitambaa. "Leta mkono."

"Mimi siko mgonjwa!"

"Leta mkono."

Kumi na tisa kwa kumi na moja. Tangu siku ile, kwa muda wa wiki mbili kamili, Biryogo haikumsikia Kabera akipiga kelele. Watu walidhani amefiwa.

 

Fundi alilazwa siku tisa. Maneno yalirudi siku ya pili, ya kwanza yakiwa matusi kwa yule aliyeshona shuka za hospitali. Mkono ulirudi taratibu zaidi: bega, kisha kiwiko, kisha kiganja. Vidole viwili vya mwisho, kidogo na cha pete, vilibaki vizito. Alivitazama sana vile vidole, mchana, watu wakidhani amelala.

Chakula cha mgonjwa katika hospitali zetu huletwa na watu wake. Siku ya nne Mama Kaze alikuwa wodini anakunja kanga, alipomwona Bi Zuhura anakuja na kapu, ameshikilia mbele kwa mikono yote miwili. Wakasimama, mmoja huku na mmoja kule. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, ambao walikwisha simuliwa kisa chote na Kaze, wakainuka kwenye mito.

"Nimeleta uji," Bi Zuhura akasema. "Hauna chumvi. Binti yako amenifundisha adabu ya huku." Akafungua chupa ya chai iliyobeba uji, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akakipeleka mdomoni kwake.

Mama Kaze akauwahi mkono wake, akaushika.

"Usionje," akasema. "Nakuomba, dada yangu. Usinionjee mimi." Na akaangua kilio pale pale. "Nilikufanya mchawi mbele ya majirani zako. Wewe ulikuwa unamshika mume wangu asife, na mimi namjaza maziwa. Nisamehe."

"Nyamaza basi, utamwamsha," Bi Zuhura akasema, na yeye pia analia. "Mimi nilicheka, kwa wangu. Wewe ulimmiminia maziwa. Tunajifunza wote."

"Niko macho," ikasema sauti ya kitandani. "Nimekuwa macho tangu mlipoanza. Mkwe wangu, njoo nikuone." Fundi akajiinua. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Mkewe alimjua miaka thelathini na hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwake. "Nilikuja hapa kutafuta karatasi ya kukushtaki," akasema. "Wamenipa karatasi. Imeandikwa ulivyosema wewe." Akavuta pumzi. "Nimekukosea, Zuhura. Nisamehe."

"Nimeshasamehe tangu Jumapili," Bi Zuhura akasema. "Ila suti ya mwanangu bado naidai."

 

Suti ikashonwa. Fundi alipima upya kila kitu, na alipofika kwenye mkono wa Gasana akanyamaza kidogo, akasema kwa sauti nzito, "Samaki." Gasana akamkamata mabega, Mama Kaze akatupa sufuria, na Kabera, ambaye alikuwa amepona ukimya wake, akatoka mbio kibarazani anaita gari. "Inua mikono, Baba! Cheka, tuone!" Fundi akainua mikono yote miwili mpaka juu, akacheka pande zote mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Kaze alikasirika siku mbili nzima, na alikuwa na haki.

Kukata alikata Kaze. Vile vidole viwili havikutaka kushika mkasi, na Fundi alikaa pembeni akiongoza: hapana, zaidi, shuka, usiogope kitambaa. Kila asubuhi alimeza vidonge vyake mbele ya mkewe na kufungua mdomo kama mtoto kuonyesha vimeshuka. Kila jioni yeye na Kabera walitembea mpaka msikitini kwa njia ya mzunguko, wakigombana njia nzima, kwa amri ya Nyirarukundo.

Harusi ilifanyika Agosti, mchana, uani kwa Fundi. Gasana alikaa ndani ya ile suti bila kuthubutu kuegemea. Sahani za pilau zikazunguka, na mpishi wa kukodi akamletea baba wa bibi harusi sahani yake ya heshima, imejaa, mvuke unatoka. Fundi akakunja mikono ya kanzu.

Bi Zuhura akainuka alikokaa. Akapita katikati ya mikeka, akafika mbele ya Fundi, akachukua kijiko, akachota pilau kwenye sahani ya Fundi, akakiweka mdomoni. Watu wa Biryogo walitazamana: kumbe mambo bado? Kumbe hawajaaminiana? Mama Kaze akafika mbio na kumshika kiwiko.

"Dada, jamani, tuliyamaliza haya. Hakuna anayekutilia shaka ya sumu."

Bi Zuhura akatafuna, akameza, akaichukua sahani yote kutoka mikononi mwa Fundi.

"Nani kasema naonja sumu?" akasema. "Naonja chumvi. Irudisheni jikoni."